Mahari ya Kukaa

Kuna mtu Nairobi aliyeandika kwamba mama mkwe wangu hayuko. Hakulisema waziwazi, maana watu wa kazi yake hawasemi kitu waziwazi, lakini ndivyo nilivyosoma na ndivyo nilivyokasirika. Alikuwa anaihakiki filamu yetu ya mapenzi na vichekesho. Alipofika kwa mama wa bwana harusi, akasema mwanamke wa namna ile hapatikani popote magharibi mwa Kenya, kwamba ametungwa na mtu anayewadharau watu wa Bungoma. Sasa mimi niliyekula ugali wa huyo mwanamke asiyepatikana, niliyejifungua mtoto wangu wa kwanza yeye akiwa amenishika mkono, ati nikae kimya.

Sikukaa kimya. Nitasema nilichofanya, na nitajaribu kutojipendelea, ingawa nilipoanza kuandika haya nilikuwa nimepanga kujipendelea kabisa.

Mimi ni mtu wa Kitale. Nilizaliwa mtaa wa Tuwan. Wazazi wangu ni Wakikuyu waliohamia Trans-Nzoia kulima viazi na kuuza, na wakazeekea hapo. Nina duka dogo la fotokopi, nachapa barua za watu, fomu, na hotuba za mazishi. Mume wangu ni Mbukusu wa Matulo, kule karibu na Webuye, na kazi yake ni kupiga video za harusi. Tulijuana harusini. Alikuwa anarudi kinyumenyume na kamera yake ili ampate bibi harusi vizuri, akaniangukia mimi na sahani yangu ya pilau. Yule mhakiki alisema hakuna mapenzi yanayoanza kwa mtu kuangukiana na mtu. Sawa. Basi hata mimi sijaolewa.

Lakini mambo yenyewe yanaanza siku watu wa Matulo walipokuja kwetu Tuwan kuzungumza mahari. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na njia ya kuingia kwetu ilikuwa tope tupu. Walifika wakiwa wamechelewa, wamelowa, viatu mkononi. Sebule ilikuwa imejaa watu wetu, na hakuna aliyekumbuka kuwaachia viti. Mama mkwe akasimama mlangoni, watu wake wamejipanga nyuma yake, na kwa heshima zote akasema, "Hamjambo nyote. Tunaomba mahari ya kukaa."

Mtu yeyote aliyekaa Bungoma siku mbili anajua alichotaka. Alitaka mahali pa kukaa. Kwao l na r hubadilishana bila kuulizana, na maisha yanaendelea. Lakini baba mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wetu, alikuwa amengoja neno mahari tangu saa tatu asubuhi. Akaruka kitini.

"Mahari? Si ni nyinyi mnaleta mahari? Sasa mmekuja kuomba?"

Mama mkwe akafikiri ananyimwa kiti. Akajibu, kwa upole lakini sauti imekaza, kwamba kwao Matulo hata mgeni wasiyemjua, hata mtu wa kupita tu, anapewa mahari kabla hajaulizwa jina. Baba mdogo akamgeukia baba yangu na kumwambia hawa watu wanagawa mahari barabarani, sasa sisi tunabishania nini hapa. Mama mkwe akasema yeye anaumwa magoti na hawezi kungoja mahari akiwa amesimama. Mamangu mzazi ndiye aliyefahamu kwanza. Alinyanyuka, akavuta benchi, akalipangusa kwa leso na kumshika mama mkwe mkono akamketisha. Hapo ndipo sebule nzima ikapasuka. Shangazi mmoja wa upande wao alicheka akarudi nyuma, akakanyaga beseni la maji ya kunawa na kukaa ndani yake. Baada ya hapo mazungumzo yalienda vizuri mno. Baba mdogo alijaribu mara mbili kukaza uso, akashindwa.

Miaka iliyofuata hiyo ikawa hadithi yetu sote, na mwenye kuisimulia vizuri kabisa alikuwa mama mkwe mwenyewe. Ukifika kwake Matulo anakufungulia mlango na kukwambia, "Karibu, mahari iko," halafu anacheka kabla yako. Alikuwa anaigiza sauti ya baba mdogo, anaruka kitini vile alivyoruka, na magoti yake mabaya hivyo hivyo. Nilikuwa nikimtazama nafikiri, huyu mtu anafaa kuwa kwenye filamu.

Basi tukaitengeneza. Mimi niliandika maneno dukani, nyuma ya karatasi zilizoharibika kwenye mashine. Mume wangu alishika kamera. Bwana harusi alikuwa kinyozi wa Tuwan, bibi harusi msusi wa jengo hilo hilo, na siku hizi wale wawili wanaishi pamoja kweli, jambo ambalo mhakiki hakuuliza. Mbuzi tulimnunua sokoni Suam, mwenye pembe moja iliyopinda, na alikuwa anaelewa kazi kuliko waigizaji wengi. Baba mdogo aliigiza baba mdogo. Mama mkwe aliigiza mama mkwe. Filamu tuliipa jina la maneno yale yale, Mahari ya Kukaa.

Ni filamu ya kuanguka, sikatai. Bwana harusi anaanguka kwenye shimo la mbolea akijaribu kumpa bibi harusi maua. Baba mdogo anamkimbiza mbuzi kuzunguka nyumba mpaka mbuzi naye anaanza kumkimbiza yeye. Keki inaangukia pikipiki. Mhakiki alilalamika kwamba watu wanaanguka mno na bila sababu. Huyo hajawahi kutembea Matulo mwezi wa nne. Aje na viatu vyake vya ngozi, tumwonyeshe sababu.

Sasa nieleze siku ya kupiga lile tukio la mlangoni, kwa sababu ndilo lenye shida yote.

Tulitumia nyumba ya mama mkwe iwe ndiyo nyumba ya Tuwan. Tulimwaga maji njiani tupate tope. Kila mtu alikuwa tayari. Mama mkwe akaja, kitambaa kipya kichwani, akasimama mlangoni, akavuta pumzi, na akasema mbele ya kamera, "Hamjambo nyote. Tunaomba mahali pa kukaa."

Mahali. L safi kabisa, na hata ile "pa" aliiweka panapostahili, kama mtu wa kusoma habari redioni.

Nikasimamisha. Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, sema vile ulisema siku ile kwetu."

Akasema tena. Mahali pa kukaa. Nikadhani ameingiwa na woga wa kamera, watu wengi huwa hivyo, wanakuwa wasafi ghafla. Nikamwambia alegeze mabega, asahau kamera, afikirie anaongea na mimi jikoni. Akasema mahali. Baba mdogo akaanza kulalamika kwamba amechoka kuruka kitini bure. Nikamwendea mama mkwe na karatasi yangu mkononi, nikamwonyesha kwa kidole nilivyokuwa nimeiandika, kwa r.

"Hivi, Mama."

Akaiangalia ile karatasi. "Vibaya?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mama. Vibaya ndio vizuri."

Watu wote walicheka. Yeye pia alicheka, ila nakumbuka alianza kucheka sisi tukiwa tumemaliza. Halafu akarudi mlangoni na akalisema nilivyotaka. Nikamrudisha aongeze kidogo. Akaongeza. Nikamrudisha tena. Tulipopata niliyoipenda nilimkumbatia na kumwambia yeye ndiye nyota wa filamu hii, akasema haya, akaenda kuangalia ng'ombe.

Tulionyesha Kitale kwanza, kwenye ukumbi wa kukodi, watu wakakaa mpaka kwenye madirisha. Walipiga mapaja. Mzee mmoja alicheka hadi meno yake ya bandia yakatoka, akayafuta na kuyarudisha ili aendelee. Bungoma ilikuwa hivyo hivyo. Mama mkwe alikuwa amekaa mstari wa mbele na mkoba wake magotini, na watu walipanga laini kumsalimia. Siwezi kusema hakufurahi. Nilikuwa karibu naye, nilimwona. Lakini tukio la mlangoni lilipofika aliinama akawa anatafuta kitu mkobani, Kitale na Bungoma pia, na mimi nikaona ni mtu anatafuta leso.

Halafu tukapeleka Nairobi, kwenye tamasha la filamu. Ukumbi ulikuwa na viti vya kuzama na watu wachache waliovaa vizuri. Hawakucheka. Mbuzi alimpiga baba mdogo pembe, kimya. Keki ikaanguka, mtu mmoja akakohoa. Mume wangu alikuwa ananifinya vidole vya mkono mpaka vikafa ganzi. Wiki hiyo hiyo wakaanza kuandika. Mmoja alisema ni kama video ya harusi iliyopotea njia. Nilimeza. Mwingine alisema ile mbio ya mbuzi ni ndefu mno, na kusema ukweli ni ndefu. Hayo yote niliyamudu.

Ni yule mmoja aliyenipanda kichwani. Alisema utani wa l na r ni utani wa bei ya chini, umeshatumika ukachakaa, na kwamba wenye kuutumia wanawacheka wanyonge. Alisema mama wa bwana harusi si mtu bali ni mdomo uliowekwa pale ili tuucheke. Alisema mwigizaji ametia chumvi, kwamba anasikika wazi akilazimisha kosa, na hakuna mtu anayekosea kwa kulazimisha hivyo.

Niliyasoma hayo nikiwa dukani, mteja anangoja fomu yake. Nilichapa ile fomu mara tatu nikiharibu. Huyu anamtetea nani? Anawatetea watu wa Bungoma kwa kusema mtu wa Bungoma ninayemjua mimi hawezi kuwepo? Mimi nimekaa naye jikoni miaka tisa. Ametia chumvi? Hiyo ndiyo sauti yake, bana, hakuna chumvi hapo.

Na ingeishia hapo ningekasirika peke yangu na yakaisha. Lakini kuna mtu aliyekata kile kipande cha mlangoni na kukisambaza kwenye simu. Wengine walikiwekea mziki. Wengine walirekodi sauti zao wakimwiga. Sasa ona ujinga huo. Nairobi wanasema mwanamke huyu hayuko, na nchi nzima inamcheka kwa sababu yuko.

Dada ya mume wangu, yule wa mwisho, ndiye aliyetupigia simu. Anaishi na mama yake Matulo. Alisema Mama ameacha kusoma matangazo kanisani.

Lazima nieleze hilo. Mama mkwe amekuwa msomaji wa matangazo katika kanisa lao tangu mume wangu akiwa mwanafunzi wa msingi. Kila Jumapili anasimama mbele na miwani yake, anatangaza mkutano wa akina mama ni lini, nani amefiwa, nani amepoteza ndama, kwaya ya vijana ilete shati jeupe. Hiyo ilikuwa kazi yake. Hakuna aliyewahi kucheka r zake pale, kwa sababu r ni zile zile kanisa zima. Jumapili ile, dada mtu akasema, Mama alisimama, akaifungua karatasi, mtu fulani nyuma akasikika akicheka, labda hata hakumcheka yeye. Mama akaikunja karatasi, akampa mwenyekiti wa akina mama na kurudi kukaa. Tangu hapo hakusoma tena.

Nikawaka. Nilimwandikia yule mhakiki jibu refu, nikaliweka mahali kila mtu alisome. Nilimwambia amemnyang'anya mwanamke mzima mdomo wake. Nilitumia maneno ambayo sitayarudia hapa kwa sababu mamangu huwa anasomewa ninayoandika. Watu wakanijibu. Wengine waliniunga mkono, wengine wakasema haya, lete ushahidi, tuonyeshe huyo mama akiongea hivyo bila kuigiza. Na mimi, kwa hasira yangu na akili yangu yote, nikaona hilo ni wazo zuri.

Nilienda Matulo Jumamosi. Mama mkwe akafungua mlango.

"Ingia," akasema.

Nilingoja lile lake la siku zote, la mahari iko. Halikuja. Nikaingia nikakaa. Akaleta chai. "Chai iko," akasema, na kunisogezea kikombe. Nikamuuliza habari za ng'ombe, akatikisa kichwa kwamba ni nzuri. Nikamuuliza habari za kanisani, akasema tu, "Naenda." Nikafikiri amechoka. Nilikuwa na haraka ya ushahidi wangu.

Nikamweleza kila kitu, kwamba kuna mtu Nairobi anasema yeye haongei hivyo, kwamba nataka tumwaibishe. Nikaegemeza simu kwenye kibakuli cha sukari na kuiwasha. Nikamwomba aseme vile alivyosema siku ile Tuwan.

Alijiweka sawa kitini, akafunga kitambaa upya na kuiangalia simu. "Tunaomba mahali pa kukaa," akasema.

"Mama, sema vile unasemanga."

"Hii ndio nasemanga."

Nikamwambia tena. Nisikilizeni. Nilikaa katika nyumba ya yule mwanamke, chai yake mkononi, na nikamwambia tena, sema ile ya zamani. Alinyanyuka akaenda chumbani, nikasikia kabati. Aliporudi alikuwa na Biblia yake, na ndani ya jalada la Biblia alikuwa ameweka daftari jembamba la shule. Akalifungua mbele yangu.

Kurasa na kurasa za maandishi yake makubwa. Mahali, mahali, mahali. Mahali pa kukaa. Kulala. Chakula. Karibuni. Mistari mizima, na chini ya mingine kulikuwa na alama ya vyema kwa kalamu nyekundu.

Nilizima simu. Akaniambia, na maneno yake sitayaandika kwa r na l zake, nimeshaziandika vya kutosha. Alisema tulipomwambia kuhusu filamu, alikwenda kwa jirani yake, mwalimu mstaafu, akamwomba amfundishe yale maneno yake. Kila jioni baada ya kukamua, mwezi mzima. Mwalimu alikuwa anamshikia kioo aone ulimi wake unakwenda wapi. Alisema aliambiwa filamu itafika mbali, na hakutaka kumtia mwanawe aibu mbele ya watu wa mbali. Alisema siku ya kupiga alikuwa ameamka alfajiri akayarudia maneno yote zizini, akayapata. Na alipoyapata mlangoni, mara ya kwanza, bila kosa, alinitazama mimi nione.

Mimi nilikuwa nacheka.

Nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha watu wawili na ghafla sikujua niiweke wapi. Kwa sababu yule mhakiki niliyemtukana mbele ya nchi aliandika kwamba mwigizaji anasikika akilazimisha kosa. Na kweli alikuwa analazimisha. Alikuwa amejifunza kusema sawa, mkaza mwanawe akamlazimisha akosee, akamrudisha mara kwa mara mpaka akosee vizuri. Mtu aliyekaa Nairobi alilisikia hilo kwa kutazama mara moja. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake.

Na kuna lingine. Njiani nikirudi Kitale nilianza kumfikiria mamangu mzazi. Mamangu akitaka wajukuu walale huwaambia wakarare. Chakula kwake ni chakura, na kimekuwa chakura tangu nizaliwe. Wakikuyu tuna shida ile ile, l haitukai mdomoni. Niende nikatafute sasa kwenye zile karatasi zangu za fotokopi, niliandika wapi mdomo wa mamangu? Sikuandika. Watu wangu wote katika filamu ile wanaongea kama wamezaliwa redioni. Hata baba mdogo. Hata hapa juu, katika hii hii niliyoandika na kuapa sitajipendelea, nimemwandikia baba mdogo vizuri. Siku ile Tuwan hakusema mnaleta mahari. Alisema mnareta. Walikuwa wawili wanaokosea, nikachagua mmoja wa kuchekwa. Sikukaa chini nikaamua hivyo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba mkono uliandika wenyewe.

Nilifuta jibu langu kwa mhakiki. Watu wakasema nimeogopa. Waache waseme. Filamu siwezi kuifuta, imeshakwenda, iko kwenye simu za watu.

Majuma machache baadaye ikawa zamu ya yule dada wa mwisho. Aliyetaka kumwoa ni mtu wa Suam, mfanyabiashara wa vitunguu, na watu wake walikuwa wanakuja Matulo kuzungumza mahari. Nilifika siku moja mapema kusaidia kupika. Mama mkwe alifanya kazi siku nzima karibu bila neno. Hapo ndipo nilipoanza kusikia kwa kweli. Hakusema karibu, alisema ingia. Hakusema kula, alisogeza sahani. Hakusema lete, alinyosha mkono. Alikuwa anapita katikati ya maneno akiyaruka yote yenye zile herufi mbili. Jaribuni kuishi hivyo siku moja muone yanabaki mangapi.

Katika nyumba ile ni yeye anayewapokea wageni mlangoni. Dada mtu alikuwa na hofu. Aliniuliza kando kama Mama ataongea, kwa sababu msichana asiyepokewa na mama yake siku kama hiyo, watu wa upande ule wanasema nyumbani kwao kuna neno la kufichwa. Nikamwambia ataongea. Sikuwa na hakika yoyote.

Wageni walifika adhuhuri, wamepigwa na tope hadi magotini. Msemaji wao alikuwa mzee mchangamfu aliyevaa koti na viatu vya gambuti. Akamwona mama mkwe amesimama mlangoni, akamtambua, uso ukamfunguka kwa furaha, akawageukia watu wake kuwaonyesha. Walikuwa wameiona filamu. Wote walikuwa wameiona, na waliipenda. Mwanamke mmoja nyuma yake akainua simu. Yule mzee akaweka mikono kifuani, akasema kwa sauti ya kumwiga mama mkwe, "Hamjambo nyote. Tunaomba mahari ya kukaa."

Wakacheka kwa upendo kabisa. Halafu wakamngojea ajibu kwa sauti ile ya kwenye filamu.

Mama mkwe hakuwaangalia. Aligeuka kunitafuta mimi, nilikuwa nyuma yake kidogo na jagi la maji ya kunawa. Hakuwa na hasira usoni. Alinitazama vile alivyonitazama siku ya kamera, mtu anayengoja kuelekezwa.

"Nisemeje?" akaniuliza polepole.

"Sema unavyotaka, Mama."

"Nikasema navyotaka," akasema, "ukakataa."

Akawarudia wageni. Akawanyoshea mkono kuelekea viti, vilivyokuwa vimepangwa tangu asubuhi na kupanguswa, kimoja kwa kila mtu.

"Ketini," akasema.

Mwanamke wa nyuma akashusha simu. Wakapita mmoja mmoja, wakaketi. Mimi nikabaki mlangoni na jagi langu, na sikuona mahali pa kukaa.